Hedifoni za kuzima kelele: Pima saa zako za angani kabla ya kutoa dola 400

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wanaofuata mali Guangzhou, Dubai na Istanbul hupiga hesabu ya kila kitu kabla ya kuondoka: nauli, viza, hoteli, mkalimani, ujazo wa kontena na hata ada ya kilo zitakazozidi wakati wa kurudi. Kitu kimoja ambacho wengi wao hawakiandiki kwenye daftari ni kelele ya ndege yenyewe, na huenda ndicho kinachowagharimu kuliko kilo hizo.

Tuchukue njia inayotumiwa na wengi wa soko letu. Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni karibu saa tatu, na Addis Ababa hadi Guangzhou ni karibu saa kumi. Anayepitia Dubai hukaa angani kama saa tano na nusu kwanza, kisha nyingine saba hivi. Muda wote huo, ndege ikiwa imeshatulia juu, kelele katika chumba cha abiria huwa kwenye desibeli 80 hadi 85, kutegemea aina ya ndege na mahali ulipokaa. Ni mngurumo usiokatika, usiopanda wala kushuka, na baada ya nusu saa mtu hudhani ameuzoea. Mwili haujauzoea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kwamba sikio linaweza kuhimili desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki bila kudhurika. Kwa hiyo injini peke yake si ya kumtia mtu uziwi kwa safari moja. Hatari iko kwingine. Abiria mwenye hedifoni za kawaida, ili aisikie filamu juu ya mngurumo ule, hupandisha sauti hadi desibeli 90 au zaidi bila kujijua, na kwa kiwango cha 90 shirika hilo hilo linatoa saa nne tu kwa wiki nzima. Saa nne kwa anayekwenda China zinakwisha kabla ya mlo wa pili.

Aidha, hata asiyesikiliza chochote halali vizuri, na hapo ndipo biashara inapoingia.

Mwandishi wa ukurasa huu analisema jambo hili kwa uchungu. Mbali na kalamu, huwa naagiza vipuri vya pikipiki kwa kiasi kidogo, na katika safari moja ya Maonyesho ya Canton nilitua Guangzhou asubuhi bila kufumba jicho usiku kucha, nikapitiliza moja kwa moja kwa mwenye mali. Tulipatana bei, tukapeana mikono. Jioni hotelini, nikiwa nimekwisha kulipa malipo ya awali, ndipo nilipoona kwamba bei niliyoikubali ilikuwa ya mlangoni kwa kiwanda, si ya bandarini. Zilikuwa herufi tatu tu kwenye karatasi, EXW badala ya FOB, ambazo siku nyingine ningeziona kabla sijavuta kiti. Gharama ya lori hadi bandarini pamoja na shughuli za forodha za kule vilikula faida yote ya mzigo ule. Mwenye kiwanda hakunidanganya, kwani karatasi ilikuwa mbele yangu.

Tangu siku ile sihesabu tena hedifoni za kuzima kelele kuwa ni anasa ya vijana wa muziki. Naziweka kwenye fungu moja na kikokotoo na mizani ya mkononi: vifaa vya kazi. Swali linalobaki ni la kawaida la soko, yaani zipi, kwa bei gani, na kwa nani hazistahili kununuliwa kabisa.

KINACHOZIMWA NA KISICHOZIMWA

Kanuni yake si ngeni. Sauti husafiri kwa mawimbi. Kipaza sauti kidogo kilichomo ndani ya hedifoni husikia wimbi la kelele linalokuja, na chombo cha elektroniki hutengeneza papo hapo wimbi la kinyume chake: pale la kwanza linapopanda, la pili linashuka. Mawili hayo yakikutana mlangoni mwa sikio huuana, na kinachobaki ni kelele iliyopungua sana. Mjerumani Paul Lueg aliombea hataza wazo la namna hii tangu miaka ya 1930, ila wakati huo hapakuwa na vyombo vidogo na vyepesi vya kulitekeleza.

Aliyelifikisha kwa abiria ni Amar Bose, mhandisi na mwalimu wa Chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1978 alikuwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, akapewa hedifoni za ndege, na mngurumo ukazimeza. Akaanza kupiga hesabu ya ufumbuzi humo humo ndani ya ndege. Kampuni yake ilichukua zaidi ya miaka kumi kufika sokoni: mwaka 1989 ilitoa hedifoni za marubani, na mwaka 2000 ikatoa za abiria wa kawaida, QuietComfort, kwa dola 299. Wajerumani wa Sennheiser nao walikuwa wakishughulikia za marubani katika miaka hiyo hiyo ya 1980.

Kwa msomaji mwenye hisa mbili tatu ambaye ameanza kujiuliza kama anaweza kununua kipande cha Bose, jibu ni hapana. Kampuni hiyo haiuzi hisa zake kwa umma, na mwaka 2011 mwenyewe Bose alikipa Chuo cha MIT sehemu kubwa ya hisa zake, zisizo na kura na ambazo chuo hakiruhusiwi kuziuza. Wanaotaka kuingia katika biashara hii kupitia masoko ya hisa hulazimika kupitia kwenye makampuni makubwa ambayo hedifoni ni kijisehemu tu cha mapato yao. Sony ni mojawapo. Apple iliinunua Beats mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Anker, Wachina wenye jina la Soundcore, waliingia soko la Shenzhen mwaka 2020. Idara ya Sennheiser ya bidhaa za watumiaji wa kawaida ilinunuliwa na Sonova ya Uswisi, kwa mapatano ya mwaka 2021, na Sonova kazi yake ya asili ni kutengeneza vifaa vya kusaidia viziwi kusikia. Hilo la mwisho lina kitu cha kuwaza kwa anayetazama soko hili linakoelekea.

Turudi kwenye sikio. Jambo ambalo muuzaji hatakuambia ni kwamba mtambo huu hufanya kazi vizuri kwa sauti nzito za chini zisizobadilika, kama mngurumo wa injini na mlio wa hewa inayopulizwa ndani ya ndege. Hapo hedifoni nzuri hushusha desibeli 20 hadi 30, na tukumbuke kwamba kila desibeli 10 zikishuka, sikio huhisi kama kelele imepungua kwa nusu. Lakini sauti kali za juu na zinazobadilika ghafla, kama kilio cha mtoto, kicheko cha jirani au tangazo la rubani, mtambo hauziwahi. Hizo huzuiwa na sponji na ngozi inayofunika sikio, basi, na kwa kiasi tu.

Kwa sababu hiyo ukisikia muuzaji anasema, "Ukivaa hii, kaka, dunia nzima inanyamaza," ujue ama hajawahi kupanda ndege nayo au anakuuzia maneno. Mtoto wa kiti cha nyuma utaendelea kumsikia. Utakachoondolewa ni ule uzito wa injini uliokuwa ukimfunika, na kuna abiria wanaolalamika kuwa baada ya kuvaa wamemsikia mtoto vizuri zaidi. Hawakosei.

MTEGO WA HERUFI MOJA

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa mnunuzi wa moja na kwa mwagizaji wa katoni.

Kwenye maboksi ya hedifoni za bei ya chini huandikwa maneno ya kuzima kelele, kisha kwa herufi ndogo huwekwa ENC. Kinachotakiwa ni ANC. Tofauti ni herufi moja, lakini ni bidhaa mbili zisizohusiana. ANC ndiyo inayozima kelele inayoingia katika sikio lako wewe. ENC husafisha sauti inayotoka kwenye kipaza sauti chako unapopiga simu, ili mtu wa upande wa pili asisikie magari ya barabarani kwako. Ndani ya ndege ENC haikusaidii lolote. Anayeuza hasemi uongo akisema "inapunguza kelele", ila hakuambii inampunguzia nani.

Mtego wa pili ni bandia zenye majina makubwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua katika duka moja la jijini hedifoni zenye jina linaloheshimika, boksi likiwa zuri na karatasi za maelekezo zikiwa kamili. "Hizi orijino, mzee wangu, zimekuja na mtu," nikaambiwa. Zilikuwa na kitufe cha kuzima kelele, na ukikibonyeza kilikuwa kinawasha taa ya kijani. Taa ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Nililigundua hilo nikiwa futi elfu thelathini na kitu juu ya bahari, mahali ambapo hakuna wa kumrudishia.

Kwa hiyo jaribio lifanyike dukani, na kwa bahati mazingira yetu yana kila kinachohitajika. Tafuta jenereta inayounguruma, au kiyoyozi kikubwa, au hata feni kubwa iliyo karibu. Vaa hedifoni bila kupiga muziki wowote. Zima mtambo wa kelele, kisha uwashe, kisha uzime tena. Kama mtambo ni wa kweli, mngurumo wa jenereta utazama ghafla kana kwamba mtu ameisogeza mtaa wa tatu, huku sauti ya muuzaji ikiendelea kusikika kwa mbali. Kama huoni tofauti, au unachosikia ni mchakacho mpya kama wa redio isiyoshika stesheni, rudisha mali kwenye meza. Jaribio hili halidanganyiki kwa boksi wala kwa namba, na namba nazo hunakiliwa: waghushi huchapa namba za mali halali, na bandia za Apple siku hizi hujitambulisha kwenye skrini ya simu sawasawa na za kweli. Kinachosaidia zaidi ni kuziunganisha na programu ya simu ya mtengenezaji mwenyewe na kuona kama inazitambua na kukubali kuzisasisha.

Ukiwa bado umezivaa, jisikilize. Wapo watu ambao mtambo ukiwashwa huhisi masikio yameziba, kama wakati ndege inapopaa. Kwa wengi hali hiyo hupita, kwa wachache haipiti kabisa, na hakuna anayeweza kukuambia wewe uko upande gani isipokuwa kichwa chako.

Wanaofikiria kuagiza za jumla wajue kwamba bandia yenye jina la mtu si hasara ya mteja peke yake. Kwa hapa Tanzania, Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa hizo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na mwenye kontena hafidiwi. Mali isiyo na jina kubwa lakini yenye ANC ya kweli ni biashara halali. Ni kazi ya mwagizaji kudai neno hilo liandikwe kwenye mkataba na kupima sampuli kabla ya kulipa.

BEI ZINAVYOKWENDA

Soko limegawanyika katika matabaka. Juu wako wakubwa. Sony walitoa WH-1000XM4 mwaka 2020 kwa dola 350, XM5 mwaka 2022 kwa dola 400, na XM6 mwaka 2025 kwa dola 450. Bose QuietComfort Ultra zilitoka mwaka 2023 kwa dola 429. Apple AirPods Max zilianza mwaka 2020 kwa dola 549. Hizo ni bei za kutokea kiwandani kwa soko la Marekani. Kufika kwetu huongezeka kodi, usafiri na mkono wa muuzaji, na kwa kuwa bidhaa inapimwa kwa dola, shilingi ikiteleza nayo hupanda.

Chini yao limeibuka tabaka ambalo miaka 20 iliyopita halikuwapo. Hataza hudumu miaka 20, zile za mwanzo za fani hii zimekwisha muda wake, na vipuri vinatengenezwa China kwa wingi. Soundcore Life Q30 zilitoka mwaka 2020 kwa dola 80, na Space One mwaka 2023 kwa dola 100. Zote mbili zina ANC ya kweli. Je, zinalingana na za dola 400? Hapana. Mngurumo unaobaki ni mkubwa zaidi, sauti ya muziki ni ya kawaida, na plastiki yake unaihisi mkononi. Lakini sehemu kubwa ya kelele ya injini inaondoka, na kwa anayetaka kulala tu hiyo ndiyo sehemu inayohusika.

Hebu tupige hesabu kama tunavyopiga ya mashine yoyote. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou mara moja kwa mwaka kupitia Addis Ababa hukaa angani saa 13 kwenda na 13 kurudi, jumla saa 26. Tukizipa hedifoni umri wa miaka mitatu kabla betri haijachoka, ni saa 78. Za dola 400 zinamgharimu dola 5 na senti 13 kwa kila saa ya angani, na za dola 100 zinamgharimu dola 1 na senti 28. Anayekwenda mara tatu kwa mwaka ana saa 234, na kwake za dola 400 zinashuka hadi dola 1 na senti 71 kwa saa.

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba msafiri wa mara tatu na kuendelea anunue za tabaka la juu bila kuona haya, ila asinunue toleo jipya. Toleo jipya likitoka, lililotangulia hushuka bei, na tofauti ya kazi kati ya toleo na toleo ni ndogo kuliko tofauti ya bei. XM4 za mwaka 2020 bado zinazima injini vizuri, na tena zinakunjika, jambo ambalo XM5 zilizozifuata hazifanyi. Sony walilirudisha kwenye XM6. Msafiri wa mara moja kwa mwaka atosheke na za dola 80 hadi 100. Na yule anayekwenda mara moja kwa miaka miwili kumwona ndugu Muscat au London asinunue chochote. Vizibo vya sponji vya kuchomeka sikioni, vile vinavyovaliwa viwandani, ni vya pesa kidogo sana, na vikichomekwa inavyopaswa hupunguza kelele za juu na za chini kwa kiwango cha kuridhisha. Wauzaji wa hedifoni hawapendi kusikia hivyo.

Za mitumba tuziache. Betri haionekani kwa macho, na katika aina nyingi si rahisi kuibadilisha.

KICHWA, MIWANI NA USHUNGI

Bei ikishapatana na mfuko, kinachofuata ni kichwa. Hedifoni ya kufunika sikio hutegemea kuziba pande zote. Penye upenyo, mngurumo huingia na mtambo hushindwa. Mkono wa miwani wenye unene hufungua upenyo huo, hivyo mwenye miwani ajaribu akiwa ameivaa, na achague yenye mto laini na mnene.

Akina mama wetu wanaovaa ushungi, ambao ni sehemu kubwa ya wanaofuata nguo Dubai na Guangzhou, wanasahauliwa kabisa na matangazo. Ukiivaa hedifoni juu ya kitambaa, mto haugusi ngozi, na kazi hupungua. Ukiivaa chini ya kitambaa, ushungi unavimba na joto linakuwa taabu. Kwao, na kwa wenye vilemba, zile ndogo za kuchomeka sikioni ni chaguo bora, kwani hukaa chini ya ushungi bila mtu kujua. AirPods Pro za toleo la pili zilitoka mwaka 2022 kwa dola 249, na Bose nao walitoa zao za Ultra mwaka 2023 kwa dola 299. Pia ndizo zinazomfaa anayelala kwa kuegemea dirisha, kwa sababu zile kubwa humsukuma kichwa.

Kasoro ya ndogo ni betri. Hizo mbili nilizozitaja hudumu kama saa sita kwa chaji moja, na toleo la tatu la AirPods Pro la mwaka 2025 limefika saa nane. Itabidi uzirudishe kwenye kijaluba chake zichaji katikati ya njia, na ukiwa umelala nani atakuamsha? Kubwa hazina shida hiyo: Sony husema saa 30 na mtambo ukiwa umewashwa, Bose Ultra 24, Soundcore Space One 40, na Sennheiser Momentum 4 hufika saa 60. Kwa safari ya saa 13 zote zinatosha, kwa hiyo usikubali kulipia zaidi eti kwa sababu ya betri ya saa nyingi. Afadhali utazame uzito. Sony XM5 zina gramu 250, AirPods Max zinakaribia 385. Dukani tofauti hiyo huioni. Saa ya nane shingo inaiona.

Pia kuna suala la waya. Skrini nyingi za kwenye viti bado zinataka waya wa pini ya milimita 3.5, na katika baadhi ya ndege tundu ni la pini mbili, linalohitaji kiunganishi cha bei ndogo. Hedifoni kubwa nyingi huja na waya. Zile ndogo zisizo na waya haziwezi kuungana na skrini hizo bila kifaa kingine cha kurushia sauti. Anayetegemea filamu za ndege alifikirie hilo. Anayepakia vitu vyake kwenye simu hana haja nalo. Na baadhi ya mashirika hutaka hedifoni kubwa zivuliwe wakati wa kupaa na kutua, basi usibishane na mhudumu.

Kwa wanaotembea na pawa benki ili kuchajia, mambo yamebadilika. Kanuni ya siku zote ni kwamba pawa benki haiwekwi kwenye mzigo unaopita chini, huwa ndani nawe, na isizidi wati-saa 100 bila kibali. Emirates, kuanzia Oktoba 1, 2025, wanaruhusu kubeba moja lakini si kuitumia ndani ya ndege. China, kuanzia Juni 28, 2025, imepiga marufuku kwenye ndege zake za ndani pawa benki zisizo na alama ya 3C. Mfanyabiashara anayetoka Guangzhou kuruka kwenda Yiwu na pawa benki aliyoinunua Kariakoo ataiacha uwanjani. Chaji hedifoni hotelini.

MAHALI PA KUNUNULIA

Swali la mwisho ni wapi. Anayepita Dubai na kutoka mjini, si kubadili ndege tu, anaweza kununua katika duka lililosajiliwa kwa mpango wa watalii na kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, mradi ununuzi wake usipungue dirhamu 250. Dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, hivyo hesabu ni nyepesi: hedifoni za dola 400 ni dirhamu 1,469, na ndani yake kodi ni dirhamu 70. Ukiondoa makato, mkononi hurudi kama 55, yaani dola 15. Si utajiri, lakini ni waya wa akiba na teksi.

China nayo ina mpango wake, na mwezi Aprili 2025 ilishusha kiwango cha chini cha ununuzi kutoka yuani 500 hadi 200. Shida ya China ni kwamba duka linalotoa karatasi ya kodi na lile la vichochoroni lenye bei ya nusu ni maduka mawili tofauti, na la pili ndilo lenye taa za kijani.

Kununulia nyumbani kuna faida moja kubwa ambayo haionekani kwenye bei: muuzaji utamkuta kesho. Uliza udhamini ni wa nani, wa duka au wa mtengenezaji, na kama wa mtengenezaji unatambulika Afrika Mashariki, kwa maana mwingi hufungwa kwa eneo ulikonunua. Uliza pia kama mito ya sikio inapatikana, kwani ndiyo inayochanika kwanza, mara nyingi ndani ya miaka miwili, na mto ukichanika ule upenyo niliousema unafunguka.

Kwa anayerudi kupitia Dubai, karatasi ya kodi hupitishwa kabla ya kukabidhi mzigo kaunta, ndani ya siku 90 tangu kununua, na huenda ukatakiwa kuionyesha mali. Basi hedifoni zisiwe zimeshafungiwa chini ya katoni za viatu.